Kwa Nini Makote Walimsajili Dismas

Jeneza la Dismas lilikuwa limeshatoka uani, limebebwa mabegani na vijana wa Makote, wakati Bibi Agnesi alipokwenda kuketi katikati ya njia ya makaburini. Alinyoosha miguu, akavaa beseni kichwani kama kofia ya askari, akasema hapiti mtu. Sisi wa Lulindi na wao wa Makote ni watani, na watani wasipofanya vurugu msibani, wafiwa hujiona wametupwa. Kwa hiyo jeneza likasimama. Padri naye akasimama, kitabu mkononi, akingoja kwa subira, maana ni mtoto wa huku na anajua kwamba sala ina zamu yake na watani wana zamu yao.

"Kabla hamjamfukia," akasema Bibi Agnesi, kwa sauti ile ile aliyouzia uji kwenye gulio la Lulindi tulipokuwa vijana, "tuambieni jambo moja. Mlikuwa na Athumani, mshambuliaji akipiga mpira milingoti inatikisika. Mkamwacha. Mkashuka kwetu mkachukua beki anakohoa kama trekta la misheni. Miaka yote tumewavumilia. Leo tunataka jibu. Mlikuwa mmelewa uraka?"

Watu wakacheka, hata wajukuu wa marehemu. Kijana mmoja wa Makote akajibu kwamba walimchukua ili sisi tupunguze kelele. Bibi Agnesi hakumtazama. Alininyooshea mimi kidole. "Basi mwulizeni huyu. Mwalimu Beno ndiye aliyeanza kuuliza. Mwaka ule hatukunywa uji kwa raha kwa ajili ya swali lake." Uso wa kila mtu ukanigeukia, mzee na mkongojo wangu, na nikasikia jibu limenijaa kifuani kama maji. Nilikuwa nalo tangu ujana. Nilikuwa sijampa mtu hata mmoja. Nyuma ya jeneza, mjane wake, Mama Yohana, alikuwa ananitazama naye. Ni yeye aliyenishika mkono baadaye, matanga yalipokwisha, akaniambia niandike, kwa kuwa sasa hakuna wa kuumia. Namshukuru Mungu aliyeniacha hai mpaka ruhusa hiyo ikaja.

Mwaka ule mvua ilinyesha mara moja, ikaotesha mahindi, kisha ikaondoka. Mimi nilikuwa kijana ninayejifunza ukatekista pale Lulindi, na kazi yangu nyingine ilikuwa kugonga kengele. Dismas alikuwa anatengeneza madawati kwenye karakana ya misheni. Tulikaa pamoja katika chumba nyuma ya kanisa, ambacho zamani kilikuwa ghala la mishumaa, na harufu ya nta haikuwahi kutoka kwenye kuta zake za mawe. Vilikuwamo vitanda viwili vya kamba, meza yenye mguu mmoja aliouchonga Dismas mwenyewe badala ya ule uliooza, na dirisha dogo ambalo mtu akilala aliona kamba ya kengele ikining'inia nje. Juu ya kitanda chake alikuwa ametundika viatu vyake vya mpira. Alikuwa beki wa timu yetu. Watu walimwita Ukuta, na mimi, ambaye sikujaliwa miguu ya kucheza ila nimejaliwa koo, nilikuwa ndiye ninayeanzisha kelele pembeni mwa uwanja kila Jumapili baada ya ibada.

Tulikula ugali wa muhogo kwa kisamvu, kisha ugali bila kisamvu, kisha ming'oko tuliyochimba porini na kuchemsha kwa chumvi. Nakumbuka nilivyokuwa nikimwangalia Dismas akimenya ming'oko yake kwa uangalifu, anaikata vipande vidogo vidogo kama mtu anayemlisha mtoto, kisha anasukuma sahani upande wangu na kusema ameshiba. Kwaresima ya mwaka ule ilianza kabla ya Jumatano ya Majivu. Katika uzee wangu nimefunga mara nyingi kwa hiari, na kila mara nimejifunza kitu, lakini njaa isiyoombwa haimfundishi mtu kitu chochote wakati inapomkamata. Inamfanya tu asikie vizuri. Nilisikia kila kitu. Nilisikia Dismas akitoka kwenda nyuma ya tangi la maji kukohoa, akidhani ukuta wa mawe utamficha. Akirudi alisema, "Vumbi la mbao." Nilisikia pia akina mama waliofika mapema kwa sala ya asubuhi, wakingoja chini ya dirisha letu. "Yule kijana wa madawati kwisha habari yake," alisema mmoja. "Ana ule ugonjwa." Miaka ile watu hawakuutaja kwa jina. Niligeuka nikamwona Dismas amelala macho wazi. Alikuwa amesikia kama nilivyosikia mimi.

Nilimsihi aende hospitali. Nilimsihi kwa upole, nikamsihi kwa hasira, nikamsihi kwa kupiga magoti kando ya kitanda chake, jambo ambalo lilimwudhi kuliko yote. "Nikienda huko nitarudi na jina," aliniambia. "Afadhali nife sina jina." Siku moja mtu asiyejulikana aliacha mfuko wa unga wa mahindi mlangoni kwetu. Unga mweupe, wakati ambapo hata nyumbani kwa padri walikuwa wanapika muhogo. Dismas aliuliza ni nani aliyeuleta, na kijana aliyekuwa akipita akasema ulitoka juu, Newala, kwa mtu anayemjua. Dismas aliubeba mfuko ule mpaka barabarani na kumpa mwenye baiskeli anayepanda mlima aurudishe. "Wamekosea nyumba," alisema. Nilikaa nikatazama mahali mfuko ulipokuwa, weupe kidogo umebaki kwenye jiwe la mlango, na nakiri nililamba kidole changu.

Ligi ilikuwa imekwisha zamani, kabla ya mavuno ya korosho, na Makote walikuwa wamechukua kombe. Lakini mashabiki hawana mapumziko. Wakati huo ndipo timu zinaacha wachezaji na kuchukua wengine, na sisi, ambao hatukuwa na cha kula, tulikuwa na cha kusema. Habari za Makote zililetwa na muuza dagaa mmoja wa kule juu, shabiki wao mkubwa, kila siku ya gulio. Siku moja alikuwa hajashuka vizuri kwenye baiskeli akaanza.

"Tumemwacha Athumani," akasema.

"Umekunywa nini?" nikamwuliza.

"Sijanywa. Tumemwacha. Na tumemsajili mtu wenu."

"Mtu wetu yupi?"

"Ukuta. Dismas."

Agnesi, aliyekuwa msichana wakati huo, aliacha kukoroga uji. "Ukuta?" akasema. "Huo ukuta sasa hivi ukipigwa na upepo unaanguka. Hamkuona ukuta mwingine?"

Nilisimama mbele ya yule muuza dagaa nikamhoji kama hakimu. Kipa wao alikuwa mfupi. Kwa nini hawakutafuta kipa? Kiungo wao alikuwa ameoa na kuhamia Mtwara. Kwa nini hawakutafuta kiungo? Mabeki walikuwa nao wa kumwaga. Athumani alitufunga kila tulipokutana nao, na mtu pekee aliyewahi kumbana alikuwa Dismas, lakini huyo alikuwa Dismas wa zamani, si huyu anayepumzika mara mbili kati ya karakana na chumbani. "Timu iliyochukua kombe inamwachaje mfungaji wake?" nikauliza. "Niambie sababu moja tu." Muuza dagaa alikuna kichwa. Yeye mwenyewe hakuelewa. Alisema huko juu watu wamechukia, wanasema kocha wao, Baba Somoe, amezeeka akili. Basi swali langu likaenea. Gulio lililofuata watu walikuwa wanasalimiana nalo. Mtu anauliza, "Kwa nini Makote?" na mwenzake anaitikia, "Walimsajili Dismas!" na wote wanacheka. Nilifurahi, niseme kweli. Kwa njaa ile, kuwa na kitu chako ambacho watu wanakitaka kilikuwa kama chakula.

Ndipo mzee mmoja aliyekuwa ananunua tumbaku akasema, bila kuinua macho, "Hawakumchukua acheze. Wamemchukua wa kafara." Alieleza taratibu, kama anayeeleza njia ya kwenda kisimani. Timu inayotaka kombe tena lazima itoe mtu wake. Haitoi mtoto wa kijiji. Inachukua mgeni, tena aliyekwisha, inamvalisha jezi awe wao, kisha inamtoa. Mimi, mwanafunzi wa dini, nilimcheka na kumwambia mambo hayo hayana nguvu juu ya mtu aliyebatizwa. Lakini hakuna mwingine aliyecheka, na nilirudi chumbani nikikaza mwendo.

Nilimkuta Dismas ameketi kitandani anapaka mafuta viatu vyake. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikukiona tangu njaa ianze. "Wameona, Beno," akasema. "Wenzetu wanajua mpira. Watu wa hapa wameshanizika, lakini wale wameona."

"Wameona nini?"

Swali lilinitoka tu. Aliacha kupaka mafuta. "Kwa nini wasinisajili?" akauliza. "Sema. Kwa nini wasinisajili mimi?" Nilisema njia ya kupanda Newala ni ndefu. Alisema atapanda polepole. Asubuhi alikunja shati lake la Jumapili, akaviweka viatu ndani ya mfuko, akaondoka na muuza dagaa, ameshika nyuma ya baiskeli kama mtu anayeisukuma, ingawa nilijua ni baiskeli inayomvuta yeye. Nikagonga kengele. Nilipomaliza nilirudi nikaketi juu ya kitanda chake.

Habari zilizofuata zilinitia wazimu, kwa sababu zote zilikuwa za kweli na zote zilikwenda upande mmoja. Muuza dagaa alisema timu nzima ya Makote imepelekwa hospitali ya wilaya, wachezaji wote, hata wale wenye afya ya ng'ombe, wamepangwa mstari na kuambiwa wateme makohozi ndani ya vikopo. "Makohozi ya nini?" tukamwuliza. Hajui. Gulio lililofuata alisema Dismas amewekwa chumba cha peke yake kwa Baba Somoe, dirisha wazi mchana na usiku, na watoto wamekatazwa kuingia. Lililofuata alisema anapikiwa chakula ambacho mchezaji mwingine hapati, uji wa karanga, mayai, njaa yote hii. Yule mzee wa tumbaku alitikisa kichwa. Wanamnenepesha, alisema. Sasa swali langu halikuwa la mpira tena. Nililiuliza mbele ya altare, nikipanga mishumaa. Nililiuliza kwenye sala ya jioni midomo ikisema maneno mengine. Nilimwambia Mungu kwamba nimefundishwa kutoamini mambo yale, na kwamba siamini, na kwamba naomba nisiwe nimekosea kutoamini. Wiki ya Mateso ilipofika nilimwomba padri ruhusa, nikaanza kupanda.

Mtu akitoka Lulindi kwenda juu, uwanda wa Wamakonde unasimama mbele yake kama ukuta wa nyumba, na njia inapanda kwa kujipinda. Nilikuwa na kipande cha muhogo mbichi mfukoni. Nilipita akina mama wa kule juu waliokuwa wameshuka kuchota maji bondeni na sasa wanayapandisha, ndoo kichwani, hawashiki kwa mkono. Mmoja alinisalimu, akauliza ninatoka wapi, nikamwambia. Akasimama na ndoo yake. "Wewe ndiye yule wa swali?" Nikasema ndimi. "Hata Makote wanaliuliza siku hizi," akasema. "Baba Somoe hapiti njiani bila kupigiwa kelele. Wanawe wenyewe wanamwuliza." Nilidhani ananisifu.

Ua wa Baba Somoe ulikuwa umefagiliwa mpaka alama za ufagio zinaonekana. Mama Somoe alikuwa anatwanga karanga. Upande mmoja kijana mrefu alikuwa anapasua kuni, na nilipokaribia nikamtambua. Alikuwa Athumani. Baba Somoe mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi, kofia yake ya kufuma kichwani, anashona mpira uliofumuka.

"Shikamoo, Baba Somoe."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja kuuliza?"

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yote yalinikimbia. "Mnamlisha wa nini?" nikasema. "Mnamfungia wa nini? Kama ni kafara, mimi nimekuja kumchukua, na msiponipa nitakaa hapa hapa mlangoni, na mtanitoa mimi kwanza." Mchi wa Mama Somoe ulisimama hewani. Athumani alianza kucheka, akamtazama mzee, akaacha. Mama Somoe alikuja akaniketisha, akanipa bakuli la uji. "Kunywa kwanza, baba," akasema. "Huwezi kufa kwa ajili ya mtu ukiwa hujala." Uji ulikuwa na karanga. Nikanywa na machozi yakiingia humo humo.

Athumani ndiye aliyeanza. Aliketi juu ya gogo. "Wewe ni mtu wa pembeni ya uwanja, huwezi kujua," akasema. "Mtu akikubana mechi nzima, unamsikia anavyopumua. Ile mechi ya mwisho, kipindi cha pili, kifua chake kilikuwa kinalia kama gunia la korosho linaloburutwa. Tukaruka pamoja kwenye kona, tukaanguka pamoja. Akatema kwenye nyasi, akafukia haraka kwa kiatu. Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Niliona rangi yake. Nikaja kumwambia mzee."

Baba Somoe alivuta uzi wa mpira, akaukata kwa meno. Alisema alimtumia Dismas ujumbe aende hospitali, naye akajibu si mgonjwa. Alimtumia unga. "Aliurudisha," nikasema. "Aliurudisha," akasema mzee. "Sasa mtu anayerudisha unga utamlisha vipi? Nikakaa nikafikiri. Nikaona labda jezi hatairudisha." Huku kwetu mchezaji wa kutoka nje hula na kulala kwa watu wa timu, hiyo si sadaka, ni haki yake, na hakuna anayeona aibu kuipokea. Lakini kwa njaa ya mwaka ule kijiji kilikuwa kimekubaliana kulisha mgeni mmoja tu. Mgeni huyo alikuwa Athumani. Chumba kilikuwa chake, sahani ilikuwa yake. Alivitoa mwenyewe akahamia kwa shangazi yake Newala mjini, akawa anakuja mara kwa mara kupasua kuni. Ili Dismas akubali kupimwa, mzee alitunga sheria kwamba kila mchezaji wa Makote lazima apimwe. Ndiyo maana timu nzima ilitema kwenye vikopo. Haukuwa ule ugonjwa ambao watu walimtwisha. Ilikuwa kifua kikuu. Dawa ilikuwepo, lakini ilitaka aimeze kila siku, miezi mingi, bila kukatiza, na mwanzoni alale peke yake penye hewa.

"Wachezaji wenyewe hawajui?" nikauliza.

"Tunajua watu watatu. Sasa wanne. Akijua yeye kwamba alisajiliwa kwa huruma, ataondoka leo, na akiacha dawa atakufa." Alinitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu. "Swali lako ni zuri, mwanangu. Ni la mtu anayejua mpira. Lakini limepanda mlima limefika hapa. Juzi ameniuliza mimi mwenyewe kwa nini nilimwacha Athumani. Nimemjibu ovyo. Akiliuliza mara ya pili sina jibu. Rudi Lulindi ukaogope."

"Nikaogope nini?"

"Umwogope Dismas. Kwa sauti ile ile uliyoulizia."

Nilipoingia chumbani kwa Dismas nilimkuta ameketi dirishani, shingo nyembamba kama ya kuku, na jezi ya Makote imemwagika juu yake. Alifurahi akajaribu kuficha. "Umekuja kunipeleleza," akasema. "Wananificha humu ndani, nadhani hawataki mjue mbinu zao." Kisha akashika pindo la jezi. "Huko nyumbani wanasemaje? Wanauliza kwa nini nimesajiliwa?" Nilikuwa nimefundishwa maisha yangu yote kusema kweli. Nilitazama mifupa ya mkono wake. "Wanalia," nikasema. "Wanasema tumekwisha. Watu wamegombana na viongozi wetu kwa kukuachia." Alifumba macho. "Kweli?" akauliza. Nikasema kweli.

Gulio lililofuata nilisimama pale pale nilipozoea kusimama. Nilisema nimekwenda Makote nimeona kwa macho yangu, na kwamba sisi wote ni wapumbavu. Nikasema Baba Somoe hakuzeeka akili, amejenga ukuta ambao hakuna mtu wetu atakayeupita, na Athumani aliachwa kwa sababu kwa ukuta ule bao moja linatosha. "Wewe umemwona wapi Dismas akikimbia?" akauliza Agnesi, na mwiko wake hewani. Nikasema beki mwenye akili hakimbii. Walinicheka. Nilirudia gulio lililofuata, na lililofuata. Niligombana na watu niliowapenda. Padri wetu mzee aliniita akaniuliza kama mambo ninayoyasema ni kweli. "Baba," nikamwambia, "nakuomba usiniulize." Akaniambia nikagonge kengele, imechelewa. Kidogo kidogo watu walianza kusema labda. Huko juu watu hawakusema labda. Muuza dagaa alituambia kwamba watu walimwagia Baba Somoe majivu mlangoni, na yeye akachukua ufagio akayafagia. Kila habari ya namna hiyo ilipokuja nilimwona yule mzee na ule uzi kwenye meno yake, nami nilikuwa sina ninachoweza kufanya ila kuzidisha kelele.

Ligi ilipoanza, Makote walishuka kucheza kwetu. Dismas alikuwa benchi, amevaa koti juu ya jezi, kwenye jua. Bila Athumani hawakuwa na mtu wa kufunga. Tuliwafunga mabao ambayo tulistahili kuyafurahia, na wenzangu waliyafurahia, na mashabiki wa Makote wakamgeukia kocha wao kwa matusi ambayo siwezi kuyaandika. Yeye aliketi, mikono magotini. Dakika za mwisho, mechi ikiwa imeshakwisha kwa kila mtu mwenye macho, alimgusa Dismas begani. Dismas akavua koti. Uwanja ukanyamaza. Ule ulikuwa ukimya wa watu wanaomtazama maiti akitembea, na niliona umemfikia. Alisimama kwenye chaki, hakuingia, akatutazama sisi, watu wa kwao.

Nikaanza kuzomea. Nilizomea peke yangu. Sauti yangu ilitoka ikaenda ikarudi, na watu walio karibu nami wakanitazama kwa chuki, kwa kuwa hata katika mpira mgonjwa hazomewi. Nikazidi. Nilimwita msaliti, nikamwita mwizi wa kombe letu, nikamwambia mwamuzi amkague viatu, nikasema asiruhusiwe kuingia mtu hatari kama yule. Koo lilikuwa linapasuka. Ndani yangu nilikuwa nasema, Bwana, nipe mtu mmoja, mmoja tu. Nikasikia upande wa kulia sauti ya muuza uji. Hakujua sababu, aliniambia baadaye aliona uso wangu tu, akadhani nakaribia kufa. "Mtoeni huyo!" Agnesi akapiga yowe. "Atatuvunja miguu!" Kisha mwingine, kisha benchi zima la wazee, kisha uwanja wote wa Lulindi ukawa unazomea kama tunavyomzomea mfungaji anapokwenda kupiga penalti. Na Dismas akainua kidevu. Akaingia uwanjani polepole, kama mwenye nyumba. Aligusa mpira mara moja, akautoa nje, na tukamzomea kwa hilo pia.

Baba Somoe hakufundisha timu tena. Walimwondoa kabla ya msimu kwisha, na mpaka anakufa wako waliomkumbuka kwa usajili ule tu, kocha aliyemwacha Athumani. Hakujitetea hata siku moja. Athumani alipata timu nyingine mbali na kwetu, na kila Pasaka Dismas alipokea salamu zake bila kujua kwa nini adui wake wa zamani anamkumbuka hivyo. Dawa zilikwisha, kifua kikapona. Dismas hakushuka tena Lulindi kuishi. Alipanda mikorosho Makote, akachonga madawati ya shule yao, akaoa, akazaa. Nimezika watu wengi niliowaombea wapone. Yeye nilimwombea kwa uongo mdomoni, na alipona, na nimemwachia Mungu aifanye hesabu hiyo.

Mara ya mwisho kumtembelea alikuwa kitandani, na ile jezi imetundikwa juu yake kama vile viatu vya zamani. Mama Yohana alituletea chai akatoka. Tulizungumza habari za mchwa na bei ya dawa ya mikorosho. Kisha akasema, akitazama dari, "Beno. Hivi kwa nini Makote walinisajili?"

"Walihitaji beki," nikasema.

Alicheka. Alicheka mpaka nikaogopa, mpaka Mama Yohana akachungulia mlangoni. Alifuta macho kwa shuka. "Ndivyo nilivyokuwa nikimwambia huyu mama," akasema, na hatukurudi kwenye jambo hilo tena.

Basi siku ya maziko wote walikuwa wananingoja, jeneza mabegani, Bibi Agnesi na beseni lake. Nilisogea kwa mkongojo wangu, nikaketi mavumbini kando yake, kwa shida, kama mzee anavyoketi. Nikasema kwa sauti niliyobaki nayo, "Mnauliza kwa nini Makote walimsajili. Nani kawaambia walimsajili? Sisi Lulindi tuliwaazima tu. Leo tumekuja kumchukua mtu wetu. Geuzeni jeneza."

Nilisema utani. Lakini vijana waliobeba wakarudi hatua moja kweli, na akina mama wa Makote wakaacha safu yao wakalizunguka jeneza, vitenge vimefungwa viunoni, na mmoja akapiga yowe, "Hatoki!" Wengine wakadaka. "Huyu wetu! Hatoki! Tulimsajili, hatoki!" Wazee ambao baba zao walimwaga majivu mlangoni kwa Baba Somoe walikuwa wanapiga makofi na kuimba kwamba hatoki, na watoto wasiojua lolote wakaimba nao, mpaka vumbi likatufunika sisi wawili tulioketi njiani.

Bibi Agnesi aliondoa beseni kichwani. "Wamekataa," akaniambia. Nikamwambia nimesikia. Akanishika kwapani akaniinua, tukasogea pembeni, jeneza likapita.